Ng'ombe za Mkubwa Zinaingia Mwisho

Jirani wa binti yangu hapa Musoma anafuga ng'ombe mmoja wa maziwa, anamkatia majani na kumletea bandani. Mvua ya juzi ilipoanza, majani yakawa mabichi, na mavi ya yule ng'ombe yakabadilika harufu. Binti yangu akaja mbio kufunga dirisha. "Mama, huu uvundo utakuua." Nikamwambia aliache dirisha kama lilivyo. Yeye kazaliwa mjini, kwake mavi ni mavi. Nyie wenzangu mliokua mkisiriba nyumba kwa mavi, kwa mikono yenu, mnajua kwamba ng'ombe aliyekula makavu ananuka hivi, na aliyekula mabichi ananuka vingine. Mimi tofauti hiyo niliijua kabla sijatia mguu shuleni, na shuleni kwenyewe sikukaa sana. Na tofauti hiyo ndiyo iliyomaliza heshima ya baba yangu.

Kijiji chetu kilikuwa ukitoka Bunda kuelekea Guta. Ukisimama juu ya jiwe unaliona ziwa linang'aa, lakini kwa ng'ombe aliyekonda ziwa lile lilikuwa kama picha ukutani. Watu walilima pamba, mtama na muhogo, na karibu kila mji ulikuwa na zizi. Na kulikuwa na bonde moja la nyasi ndefu ambalo lilikuwaga linafungwa. Masika yakiisha, wazee wanazunguka mpaka wake, wanafunga fundo la nyasi kwenye kila kichaka. Ukiona fundo, unageuza mifugo yako. Hapakuwa na seng'enge wala askari, ni mafundo tu, na mtu mmoja aliyechaguliwa kulitunza bonde. Huyo ndiye anasemaga lini lifunguliwe, kiangazi kikiwa kimekaza kabisa na kule nje pamebaki vumbi.

Siku ya kufungua, ng'ombe za wajane zinatangulia, halafu za watu wengine, na za mkubwa wa bonde zinaingia mwisho. Hakuwa na mshahara. Malipo yake yalikuwa ni huko kuingia mwisho, watu wote wakimwona amesimama na fimbo, ng'ombe zake zinalia nyuma yake, naye anangoja. Baba yangu, Makuru, alikuwa mkubwa wa bonde. Nilikuwa nikipita njiani watu wazima wananiita "mtoto wa bonde," na mimi natembea kama nimevaa viatu.

Ukaja mwaka ambao mvua ya vuli haikuonekana. Mama alikuwa na mtoto mchanga, mdogo wangu Bwire, na maziwa yalikuwa yamekatika kifuani. Alikuwa anamnyonyesha mtoto analia, naye mama analia. Ng'ombe za kijiji zikawa mbavu tupu. Kwa majirani watu walikuwa wanakamua, wanapata ya kulowesha kidole. Kwetu kibuyu kilijaa. Kilijaa mpaka mama akawa anawagawia watu, kikombe huyu, kikombe yule, nao wanashukuru kwa mikono miwili.

Sababu mimi niliijua. Mungu alikuwa anatupenda. Mama alikuwa hakosi kanisani Jumapili hata jua liwake vipi, na baba hakuwa mlevi, kwa hiyo Mungu alikuwa anaangalia ng'ombe zetu tu. Nilipowaona watoto wenzangu midomo imepauka niliwahurumia, lakini kwa juu, kama mtu anavyomhurumia aliyesahau kusali.

Alfajiri moja nilitoka kujisaidia, nikamkuta baba zizini. Amepiga goti mbele ya yule jike wetu mkubwa aliyekuwa anaongoza kundi, anasokomeza majani makavu ndani ya kengele ya shingoni.

"Baba, unailisha kengele?"

Akashtuka, halafu akacheka kidogo. "Mdogo wako amelala. Rudi ndani, na wewe ulale."

Nikarudi nimejaa furaha. Baba gani mwingine anaziba kengele ili mtoto mchanga asiamke? Nilijifunika shuka, nikasikia kwato zinatoka pole pole, na kengele imenyamaza.

Jirani yetu wa karibu alikuwa mama Nyamisi. Mumewe alikuwa amefariki, kamwachia ng'ombe wachache na binti mmoja, Nyamisi, ambaye mimi na yeye tulikuwa tunakula sahani moja, tunachota maji pamoja, tunagombana na kupatana kabla ya jua kuzama. Mama Nyamisi alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Siku hiyo alikuja na beseni kuomba mavi ya ng'ombe, sakafu yake ilikuwa imepasuka na ya zizini kwake hayakutosha hata kuziba ufa.

Akainama, akaingiza mkono. Akabaki hivyo hivyo, mkono ndani. Akachukua tonge, akalivunja, akalinusa.

"Mama Bwire. Ng'ombe zako zinakula wapi?"

Mama alikuwa anapepeta mtama. "Zinapokula zako, dada."

"Zangu zinakunya punje kama mbuzi. Hizi za kwako zinakunya kama vile tuko katikati ya masika."

"Labda zinakunywa sana maji."

"Maji ya wapi?"

Mama akazidi kupepeta. Mimi niliona mama anaonewa. Anaulizwa kitu chepesi namna hii na hasemi! Nikadakia.

"Ni Mungu, mama Nyamisi. Na baba anazitunza. Anaamkaga mapema kuliko watu wote, anazitoa bado giza. Hata kengele anaiziba kwa majani, Bwire asiamke."

Ungo wa mama ukasimama. Mama Nyamisi akaupangusa mkono wake kwenye udongo, upande huu na upande ule, taratibu, kama mtu aliyemaliza kula. Akanishika kichwa kwa mkono ule mwingine. "Asante, mwanangu. Umekua." Akaondoka. Beseni lake aliliacha pale pale na mavi yake ndani, na hakulifuata tena.

Watu wameniulizaga kama najilaumu. Sijilaumu. Mtoto anasema alichokiona. Aliyetaka kisisemwe angeacha kukitenda.

Asubuhi iliyofuata baba alirudi kutoka bondeni na watu nyuma yake. Ng'ombe zetu zilikuwa mbele, matumbo duara, zinacheua. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Magesa, aliyetahiriwa siku moja na baba, na aliyekuwa anamtania kuliko mtu yeyote, alimfuata yule jike, akachomoa majani kwenye kengele kwa kidole. Akaipiga kengele kwa kucha. Ikalia.

"Haya mkubwa," akasema, "sasa tunakusikia."

Hakuna aliyecheka. Baba akavua kofia. "Ni kweli. Nilianza na mmoja, huyu wa maziwa. Kwa ajili ya mtoto."

"Mmoja," Magesa akasema.

"Halafu wengine wakamfuata."

Mama Nyamisi alikuwa nyuma ya wanaume. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, ile ya kuomba chumvi. "Makuru, ungeniambia. Mtoto analia, nyumba ziko jirani, namsikia usiku kucha. Ungesema, nataka kumpeleka mmoja bondeni. Mimi mwenyewe ningekuambia mpeleke. Ni nani hapa angekataa?"

Watu wakatazama chini. Hata mimi, ambaye nilikuwa bado sijaelewa kosa ni nini, nilielewa kwamba hakuna ambaye angekataa.

Siku ile ile bonde likaisha. Hakuna aliyesema lifunguliwe. Mtu wa kwanza alipeleka zake, wa pili akamwona, kufika jioni kijiji kizima kilikuwa humo, ng'ombe zinakanyagana. Za wajane hazikutangulia. Waliotangulia ni wenye vijana wenye nguvu. Nyasi ambazo zingetuvusha mpaka mvua zikaliwa na kukanyagwa zikiwa bado zinahitajika, na kiangazi kikaendelea kana kwamba ndio kwanza kimeanza. Ng'ombe zikafa. Tulikuwa tunazikuta zimelala njia ya ziwani, fisi hawana haja hata ya kujificha. Za mama Nyamisi zilikwisha zote.

Nyamisi akaolewa. Mimi nilikuwa bado nacheza na magunzi nayafunga mgongoni, na yeye tunalingana. Akaja mzee kutoka upande wa Serengeti ambako mvua haikuwa mbaya hivyo, akaleta ng'ombe zizini kwa mama Nyamisi, akamchukua. Siku anaondoka nilimkimbilia kumuaga, akanipa magunzi yake akaniambia, "Ya kwangu shika wewe, mimi nakwenda kupata mtoto wa kweli." Alikuwa anafurahi. Na mimi nilimwonea wivu.

Baba alisema mara moja tu, mbele yangu, kwamba alifanya vile kwa sababu ya Bwire. Mama alikuwa anampa Bwire uji. Hakugeuka. "Mtoto wa nani hakuwa na njaa mwaka ule?"

Mvua ilikuja hatimaye, nyingi, na nyasi zikaota bondeni kana kwamba hazijui kitu. Wazee wakamwita baba. Wakamwambia kwa desturi yetu mtu akiwakosea watu anatoa dume, linachinjwa hadharani. Yeye anakata, yeye anaonja wa kwanza, halafu watu wote wanakula pamoja naye, na mifupa inafukiwa kwenye shimo moja. Baada ya hapo neno lile halitajwi. Baba alitoa dume lake zuri kuliko yote. Shimo alilichimba mwenyewe tangu asubuhi, refu, kama anayechimba choo.

Watu walikuja! Sikutegemea. Walikuja wote, na nguo safi. Mzee mmoja akaomba kwa maneno ya kikwetu, baba akakata, akala, akaanza kugawa. Mimi nilikuwa nazunguka na kata ya maji ya kunawa. Niliona watu wanapokea nyama kwa mikono miwili, wanashukuru, wanakaa kidogo, wanaizungumza mvua. Halafu wanavunja jani la mgomba, wanaifunga nyama yao vizuri, wanainuka. Mama Nyamisi alifunga. Magesa alifunga. Moyo wangu ukachanua. Nilijua jinsi mtu anavyobeba kitu kitamu kwa ajili ya walio nyumbani, mama alikuwa anafanya hivyo kila akienda harusini.

Nikamkimbilia baba. "Baba! Nyama yako imependwa! Mpaka wanabeba za watoto!"

Baba alikuwa na kisu mkononi. "Nani amebeba?"

"Wote!"

Akatazama kule shimoni. Mle ndani kulikuwa na mifupa ya nyama aliyoila yeye, ya wazee wachache waliokula pale pale, na ya mama. Inaonekana mmoja mmoja. Alichukua jembe akaanza kurudishia udongo, na lile shimo lilikuwa kubwa, alifukia mpaka jua likachwea.

Mama ndiye aliyenieleza, miaka mingi baadaye, kwa kifupi kama kawaida yake. Nyama ya kupatana haivuki kizingiti. Inaliwa pale pale au haijaliwa. Waliifunga kwa heshima ili wasimwaibishe usoni, na wakifika njiani waliwatupia mbwa.

Baba yangu alikuwa mtu wa kufikiri. Akakaa akaona kwamba watu wanaogopa ng'ombe zake. Zikiwepo, atajaribiwa tena. Basi akazikusanya zote, hata yule jike wa kengele, akazipeleka Butiama kwa baba mdogo Masatu zikakae huko. Mama alimuuliza watoto watakunywa nini. Akasema, "Watakunywa uji. Mimi nataka watu waone zizi langu limeota nyasi." Na kweli likaota. Tulikuwa tunacheza mle ndani.

Masika yalipoisha ukaitwa mkutano wa kufunga bonde. Niliandamana na mama. Baba akasimama akasema, "Ndugu zangu, nilikosa. Sasa sina hata ndama. Kila mtu ameona. Nichagueni nilinde, kwa sababu hakuna kitu changu cha kula zile nyasi."

Niliona vichwa vinaanza kutikisika, nikaanza kutabasamu. Magesa akainuka pole pole.

"Makuru, rafiki yangu. Ulipokuwa na ng'ombe ulitula. Sasa huna. Nyasi zikiisha wewe unapoteza nini? Mtu asiye na ng'ombe atawezaje kulinda nyasi? Ni sawa na kumpa bwana aliyeng'oka meno atulindie mahindi ya kuchoma."

Watu wakacheka, cheko la kweli, la kwanza tangu mwaka ule. Baba alingoja wamalize.

"Basi mnataka niwe na nini?"

Mpaka leo naisikia ile sauti, haikuwa ya hasira, alikuwa anauliza kwa kuwa hajui. Mzee mmoja akamhurumia. "Hatutaki uwe na kitu, Makuru. Kaa tu."

Akakaa. Wakasema basi achaguliwe Magesa. Mtu nyuma akapaza sauti, "Magesa? Labda tuwe tunakuja kumchungulia kengele kila asubuhi!" Wakacheka tena. Wakamtaja mwingine, likatoka neno juu yake. Wakamtaja mwingine. Kila jina lilipotajwa kulikuwa na mtu aliyesema, "Na huyu ana tofauti gani na Makuru?" Ndipo nilipoona, ingawa sikuwa na maneno ya kuisema, kwamba baba yangu hakuwa amejiharibia yeye peke yake. Aliiharibu ile nafasi. Hata mwema angekaa pale angeonekana ana majani kwenye kengele. Mkutano uliisha bila jina, na watu wakaondoka wawili wawili wakiongea bei ya pamba.

Baba akaenda kufunga mafundo peke yake. Hakutumwa. Nilimpelekea uji, nikamkuta ameinama kwenye kichaka, vidole vinatoka damu, ameshafunga nusu ya bonde. Na asubuhi zilizofuata alikuwa anasimama pale mpakani na fimbo yake. Sikieni watu walivyofanya. Hawakujificha kama alivyojificha yeye. Walikuja jua limeshatoka, kengele zinalia, wakapita mbele yake.

"Umeamkaje, mzee Makuru?"

"Nimeamka salama. Bonde limefungwa."

"Ahaa. Na mama watoto hajambo?"

"Hajambo. Nimesema limefungwa, jamani."

"Haya, tunashukuru."

Na ng'ombe zinapita, huku na huku kwake, kama maji yanavyopita jiwe. Angewazuia kwa kitu gani? Kwa fimbo? Kwa jina gani? Nilisimama naye siku moja nimeshika bakuli la uji, na ng'ombe wa Magesa alinusa mkono wangu akaendelea. Baba aliendelea kwenda pale msimu mzima. Msimu wa pili akaenda siku moja moja. Wa tatu bonde likalimwa pamba, kila mtu akakata kipande chake, na hapakuwa na mahali pa kusimama.

Nyamisi nilikuja kumwona nikiwa na watoto wangu, stendi ya Bunda, anauza dagaa wa kukaanga. Alizeeka kunishinda. Tulishikana mikono, tukacheka, akaniongezea dagaa. Akamuulizia mama, akamuulizia Bwire, akawaulizia watoto wangu mmoja mmoja. Baba hakumuulizia. Baba alikuwa hai wakati huo, na Nyamisi alilelewa kwa adabu, hasahau mtu kwenye salamu.

Siku hizi nasikia viongozi wamekosa, wamesimamishwa mbele za watu, wameomba radhi, watu wamepiga makofi, mambo yamekwisha. Wajukuu zangu wananiambia, "Bibi, si ameomba msamaha?" Nawaambia ndiyo, ameomba. Siwaambii zaidi, kwa sababu hawataki kusikia, na kwa sababu mimi sijui dawa. Baba yangu alikiri mchana kweupe. Alitoa dume. Alijinyang'anya ng'ombe zake mwenyewe. Nimekaa na jambo hili umri wangu wote, nimelipindua kama chapati, sijaona alichobakiza ambacho angefanya.

Alipofariki watu walikuja. Hawakutususia, nisiwasingizie. Wanaume walichimba kaburi, wanawake walipika, mama Nyamisi alilala kwetu siku zote za matanga, mzee kiasi kile, akibandua sufuria kwa ile mikono yake. Kwetu kabla mtu hajashushwa, anasimama mmoja wa kijiji, asiye ndugu, anamsema marehemu. Anaweza kusema nusu saa, alikuwa hivi, alitufanyia hivi. Tukamaliza ndugu kusema, tukangoja. Padri akatazama huku na huku. Watu walishika vidole vyao. Mama alikuwa amekaa mkekani ameinamisha kichwa, nami niliomba Mungu mtu yeyote asimame, hata mlevi.

Magesa akainuka, kwa mkongojo, akishikwa bega na mjukuu. Akafika kichwani pa jeneza. Akatazama mle kwa muda, midomo inachezacheza, kama mtu anayetafuta jina la mtu wa zamani.

"Alikuwa mtu wa hapa," akasema.

Akarudi kukaa.